Kivuli cha Mfalme: Wayahudi wa Granada

Habari za Wayahudi chini ya watawala Waislamu husimuliwa kwa namna mbili: wengine huona amani tupu, wengine mateso matupu. Mji wa Granada, kusini mwa Uhispania, uliyaona yote mawili katika ukoo mmoja, baba na mwana.

Sheria ya Kiislamu iliwahesabu Wayahudi na Wakristo kuwa watu wa dhima, yaani waliowekwa chini ya ulinzi. Walilipa kodi ya jizya, nao wakaachiwa uhai, mali na ibada yao; lakini hawakupaswa kuwa na mamlaka juu ya Mwislamu.

Hata hivyo, Samuel ibn Naghrela, mzaliwa wa Córdoba aliyeukimbia mji huo kwa sababu ya vita mwaka 1013, alipanda hadi kuwa waziri wa mfalme Badis wa Granada. Alikuwa bingwa wa Kiarabu na Kiebrania, mshairi na mwalimu wa Talmudi, tena alifuatana na majeshi vitani. Wayahudi walimwita Nagid, maana yake mkuu wao.

Kwa nini mfalme alimchagua yeye? Badis alikuwa Mberberi, na ukoo wake ulitawala raia wasio wa kabila lake. Mjukuu wake Abdallah, aliyemrithi, ameandika sababu waziwazi: Myahudi hakuweza kukitamani kiti cha enzi. Basi unyonge wake ndio uliomfanya aaminiwe.

Samuel alifariki mwaka 1056, na mwanawe Joseph akashika nafasi yake. Chuki ikakua. Mwanasheria Abu Ishaq akatunga shairi la kuwashtaki Wayahudi wote, na Joseph akatuhumiwa usaliti. Tarehe 30 Desemba 1066 umati ulimwua, kisha ukawageukia Wayahudi wa mji. Wengi waliuawa ambao hawakuwahi kuketi barazani kwa mfalme.

Hapo ndipo tunapopaswa kutafakari. Cheo cha mtu mmoja hakikuwa haki ya watu wake. Fadhili za mfalme zilimkinga waziri. Zilipokosa nguvu, jamii nzima ililipa deni ambalo haikukopa. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tunapofurahi kwamba mwenzetu ameketi karibu na mkubwa, tuulize kwanza: je, jirani yetu asiye na mtu huko juu analindwa na sheria ile ile?