Ngiri ya Kitovu kwa Watoto: Kusubiri Kuna Masharti

Mjadala kuhusu ngiri ya kitovu umeelemea mno kwenye umri wa kumfanyia mtoto upasuaji. Umri peke yake hautoshi. Agizo la kusubiri huwa matibabu pale tu mzazi anapoondoka kliniki akijua anasubiri nini, na dalili gani imrudishe mbio.

Sababu za kusubiri ni nzito. Tundu lililopitisha mishipa ya kondo hutakiwa kujifunga baada ya kitovu kudondoka. Lisipojifunga, utumbo husukumwa nje kila mtoto anapolia. Hali hii huwapata zaidi watoto njiti na wenye asili ya Afrika, na wengi hupona wenyewe kabla ya miaka 5. Mzazi huogopeshwa na ukubwa wa uvimbe, lakini kinachopaswa kupimwa ni tundu. Mtoto akitulia, daktari huurudisha uvimbe ndani taratibu, na ncha ya kidole chake huzihisi kingo. Kitovu kinaweza kuning'inia kama mkonga ilhali tundu halifiki sentimita 1, na la namna hiyo aghalabu hujifunga. Likizidi sentimita 1.5, matumaini hupungua.

Kufungia sarafu juu ya kitovu hakusaidii. Huchubua ngozi na kukaribisha maambukizi. Hata hivyo, mama asikaripiwe. Mara nyingi ameambiwa tu "arudi akikua", basi.

Upasuaji wenyewe ni mfupi. Ngozi hukatwa nusu duara chini ya kitovu, mfuko wa ngiri hutenganishwa, kingo za utando mgumu hushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka, kisha ngozi ya kitovu hushikizwa chini ili ibonyee. Wavu wanaowekewa watu wazima kwa kawaida hauhitajiki, na watoto wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa mtoto mdogo sana, dawa ya usingizi hutia wasiwasi kuliko kisu. Ndiyo maana madaktari wa watoto wa Marekani hushauri kutoharakisha rufaa kabla ya miaka 4 au 5.

Ushauri huo, hata hivyo, unachukulia kwamba hospitali iko karibu. Taarifa kutoka Senegal na Nigeria zinaonyesha kuwa utumbo kunaswa kwenye tundu si jambo la nadra kama vitabu vya Magharibi vinavyodai. Nchini Tanzania, mtoto wa kisiwa cha Ukerewe anayehitaji bingwa wa Hospitali ya Bugando jijini Mwanza hana budi kuvuka maji, na utumbo ulionaswa hausubiri kivuko. Kwa maoni yangu, mtoto wa miaka 3 mwenye tundu pana na anayeishi mbali apangiwe upasuaji mapema, palipo na mtoa usingizi mzoefu wa watoto.

Wengine wasubiri, lakini kadi zao za kliniki ziandikwe upana wa tundu, tarehe ya kurudi na onyo hili: uvimbe ukiwa mgumu, ukiuma, ukibadilika rangi au ukikataa kurudi ndani, au mtoto akitapika, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.