Ufa Usioonekana: Historia ya Vihisi vya Nyuzi za Mwanga katika Nyenzo Mseto, Ikitazamwa kutoka Mara

Historia ya vihisi vya nyuzi za mwanga kwa kawaida huandikwa kuanzia maabara za Ulaya na Amerika ya Kaskazini na kuishia kwenye ndege. Insha hii inaanzia kwenye mialo ya Musoma na Bunda, kwa kuwa huko nyenzo inayoonyesha jeraha lake na nyenzo inayolificha huegeshwa ubavu kwa ubavu.

Mtumbwi wa mbao hulalamika mapema. Maungio yake huzibwa kwa pamba, zao linalolimwa Bunda kwenyewe. Kalafati ikilegea, mvuvi huyaona maji miguuni pake. Nyumba ya fito na udongo ya Butiama, ambayo kwa maana pana nayo ni nyenzo mseto, hupasuka hadharani. Boti ya faiba ni kinyume chake. Matabaka ya nyuzi za kioo yaliyogandishwa kwa rezini huweza kuachana ndani baada ya kugonga mwamba, ilhali rangi ya nje imebaki nzima. Njia kongwe ya kulibaini jeraha hilo ni sikio: ubavu hugongwa kwa nyundo ndogo au sarafu, na mlio mfu huashiria mwanya. Mbinu hiyo hutumika hata katika karakana za ndege. Kasoro yake ni kwamba hugundua pale tu panapogongwa, na haiachi kumbukumbu.

Vihisi vilizaliwa kutokana na haja ya kumbukumbu hiyo, ingawa nyuzi zenyewe zilibuniwa kwa ajili ya mawasiliano. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham walionyesha kwamba kioo kilichosafishwa vya kutosha kingeweza kupeleka mwanga mbali. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ilikipata kioo hicho. Mwaka 1978 Kenneth Hill na wenzake, huko Ottawa, waligundua kwamba mwanga wenyewe unaweza kuchora mistari ya kudumu ndani ya uzi. Mistari hiyo hurudisha rangi moja tu ya mwanga, na uzi ukivutwa au kupashwa joto, rangi hiyo hubadilika. Mwaka 1993 daraja la Beddington Trail mjini Calgary lilijengwa likiwa na vihisi vya aina hiyo pamoja na kano za nyuzi za kaboni.

Katika Afrika Mashariki suala hili liliingia kwa njia ya anga. Tarehe 12 Julai 2013 ndege ya Boeing 787 ya Ethiopian Airlines, ambayo takriban nusu ya uzito wake ni nyenzo mseto, iliungua sehemu ya juu ya kiwiliwili karibu na mkia ikiwa imeegeshwa Heathrow. Swali la wakarabati halikuwa tu nini kimeungua, bali joto lilikuwa limefika wapi ndani ya matabaka. Tanzania ilipokea Boeing 787 yake ya kwanza Julai 2018.

Ni rahisi, kwa mfuatano huo, kudai kwamba hatua inayofuata ni boti za Mara. Sikubaliani. Uzi wa kihisi una kipenyo cha takriban milimita 0.125, ilhali uzi wa kaboni hauzidi sana milimita 0.007, mgeni huyo mnene, akilazwa vibaya, huwa yeye mwenyewe chanzo cha udhaifu. Zaidi ya hayo, mitumbwi iliyozama Mchigondo, wilayani Bunda, Julai 2023 na kuua zaidi ya watu kumi haikuhitaji kihisi ili hatari yake ionekane: ajali hiyo ilihusishwa na upepo mkali. Mtafiti anayeanza na kihisi atapima kile kihisi kinachoweza kupima.

Hata hivyo, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa 2009, umefikisha uzi wa kioo mkoani humu. Kinachokosekana kwenye mialo ni chombo cha kuusoma mwanga unaorudi, mtu wa kukitunza, na daftari la kuandika kila boti iligonga mwamba lini. Kati ya vitatu hivyo, daftari linaweza kuanza leo.