Taka Ndani ya Weko

Usiku wa tarehe 16 Januari, 1943, meli ya mafuta iliyoitwa Schenectady ilikuwa imefungwa gatini huko Portland, katika jimbo la Oregon, Marekani. Ilikuwa mpya, imetoka kujaribiwa tu. Maji yalikuwa shwari, na baridi kali. Ghafula ukasikika mshindo mkubwa, nayo ikapasuka sitaha na mbavu zote mbili. Ni mabamba ya chini tu yaliyoishikiza.

Lawama ziliwaangukia wachomeleaji, kwa maana meli hiyo iliungwa kwa moto, si kwa ribiti. Ni desturi ya wanadamu kumtafuta mkosaji katika watu wa ujira mdogo. Kazi mbaya ilikuwapo, hilo halikanushiki. Lakini Constance Tipper, bibi mtaalamu wa Cambridge, alionyesha kwamba chuma chenyewe cha mabamba kilipoteza ushupavu wake katika baridi. Tena, katika meli ya ribiti ufa hukoma ukingoni mwa bamba. Meli iliyochomelewa ni bamba moja, nao ufa hauna mahali pa kukomea.

Neno ushupavu lisichanganywe na ugumu. Kioo ni kigumu, lakini si shupavu. Georges Charpy, Mfaransa, alieleza mwaka 1901 namna ya kuupima: kipande cha chuma hutiwa pengo, kikapigwa kwa nyundo inayoning'inia, na nguvu iliyotumika kukivunja ikahesabiwa.

Weko za mwanzo zingalishindwa vibaya katika mtihani huo. Ufito uliyeyushwa uchi, ukanywa naitrojeni na oksijeni za hewani, na kiungo kikawa chepesi kuvunjika. Oscar Kjellberg wa Sweden, aliyepata hataza yake mwaka 1907, aliuvika ufito ganda la dawa, na chuma kilichoyeyuka kikapata kinga.

Ndipo likaja swali la viungo vitiwavyo. Kiberiti kikiungana na chuma hufanya utando unaoyeyuka mapema mipakani mwa punje, na weko hupasuka ingali moto. Manganizi hukinyakua kiberiti hicho kabla hakijadhuru. Tena huzifanya punje kuwa ndogo, lakini G. M. Evans, aliyefanya kazi Oerlikon huko Uswisi, aliona kwamba ushupavu hufikia kilele karibu na manganizi asilimia 1.5, kisha hushuka, kwa kuwa ugumu umezidi.

Ajabu kubwa zaidi ni ya taka. Weko huganda kwa sekunde chache, na vijidonge vya oksidi, vingi vyao vidogo kuliko sehemu ya elfu ya milimita, hunaswa humo kabla havijaelea juu. Kwa miaka mingi vilihesabiwa kuwa uchafu mtupu. Hadubini za nusu ya pili ya karne ya 20 zilionyesha kwamba vingine ni mbegu: punje nyembamba kama sindano huota juu yake kila upande, zikasokotana kama ua wa miiba, na ufa unaopita hulazimika kugeuka kila hatua. Titaniamu kiasi cha sehemu 3 katika 100,000 yatosha kuleta mabadiliko hayo.

Hivyo siafikiani na wale wasemao kwamba chuma bora ni chuma safi, basi. Oksijeni ikipungua mno, mbegu hukosekana, na punje hukua nene. Ikizidi, vijidonge vikubwa huwa chanzo cha ufa wenyewe.