David Silva, Kiungo wa Arguineguín
Kwangu mimi, hajatokea kiungo Manchester City wa kumzidi David Silva, na hilo silibishanii tena. Alizaliwa 1986 Arguineguín, mji wa wavuvi kisiwani Gran Canaria. Akiwa na miaka 18, Valencia walimpeleka kwa mkopo Eibar, daraja la pili, kwenye soka la mabavu. Huko ndiko mwili wake mdogo ulikokomaa. City alikaa miaka 10, akatwaa Ligi Kuu mara 4. Ila mimi kwanza hukumbuka fainali ya Euro 2012 kule Kyiv: dakika ya 14, Fàbregas anamimina krosi, na mtu huyu mfupi anaifunga Italia kwa kichwa! Goti lilimstaafisha 2023, akiwa Real Sociedad.