Kompresa ya upepo katika karakana ya nyumbani

Kompresa ya upepo ni mashine inayonyonya hewa ya kawaida, kuibana na kuihifadhi ndani ya tenki la chuma ili itumike kujaza matairi, kupulizia rangi, kufungua nati au kupuliza vumbi. Zinazofungwa majumbani, kwenye gereji au banda la ufundi, nyingi ni za pistoni, zenye tenki la lita 24 hadi 200 na mota ya nguvu farasi 1.5 hadi 3. Swichi ya presha huizima mota hewa inapofika bar 8 hivi, kisha huiwasha tena presha inaposhuka karibu na bar 6. Vali ya usalama hufyatuka yenyewe na kuachia hewa endapo swichi imegoma kuzima.

Sehemu ya kuogopwa kuliko zote ni tenki. Lita 100 za hewa iliyobanwa kwa bar 8 zina nishati inayozidi kilojuli 100, kiasi cha gari la tani moja linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Tenki likipasuka, nishati yote hiyo hutoka kwa mkupuo ndani ya chumba ambamo fundi amesimama. Ndiyo maana matenki hupimwa uimara kwa kujazwa maji na kukandamizwa kupita presha ya kazi: maji hayabaniki kama hewa, hivyo chuma kikiachia hakuna mlipuko.

Kinacholimaliza tenki taratibu ni maji hayohayo, yakiingia kwa njia nyingine. Katika mji wa pwani kama Dar es Salaam, hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 ina takriban gramu 24 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikibanwa hadi bar 8 na kupoa, inaweza kubaki na gramu 3 au 4 tu. Zilizosalia hugeuka matone na kutua chini ya tenki. Kompresa inayonyonya lita 200 kwa dakika, ikifanya kazi saa moja tu, huacha humo karibu robo lita. Fungua koki iliyo tumboni mwa tenki jioni, presha ikiwa imeshapunguzwa: kwanza hufoka maji ya rangi ya chai kavu, kisha mvuke mweupe, halafu hewa tupu. Rangi ile ni kutu, na kutu hiyo ni chuma cha tenki kikiondoka kidogokidogo kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Kwa hiyo uchaguzi wa mahali pa kuiweka uanze na koki hiyo. Mashine iliyosukumwa kwenye pembe, nyuma ya makopo na mbao, haitamwagwa maji kila siku hata mwenyewe awe mwangalifu kiasi gani. Wengi hurefusha koki kwa kipande cha bomba hadi ubavuni, na ni kazi ndogo inayolipa. Sakafu iwe sawa na imara. Upande wa feni ubaki na nafasi ya sentimita 30 au zaidi kutoka ukutani ili mota ipoe. Miguu ikae juu ya vipande vya mpira. Kuikaza kwa bolti moja kwa moja kwenye zege huufanya mtetemo uhamie kwenye maungio ya tenki na kuyapasua. Petroli, tina na rangi zisikae karibu, kwa kuwa swichi ya presha hutoa cheche kila inapowaka na kuzima.

Mota ya nguvu farasi 2 kwenye umeme wa volti 230 hula ampea 8 au 9 ikiwa kazini, lakini inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya hizo kwa muda mfupi. Ya nguvu farasi 3 huweza kuzidi uwezo wa plagi ya ampea 13, hivyo inahitaji laini yake yenyewe kutoka kwenye sakiti breka, yenye waya mnene na eathi, iliyofungwa na fundi umeme mwenye leseni. Waya mrefu na mwembamba wa kuunganishia hupunguza volti. Mota huunguruma bila kuzunguka na koili zake huungua. Kazi ikiwa mbali, refusha mpira wa upepo, si waya wa umeme.

Katika kusambaza hewa ukutani ndiko kosa kubwa hufanyika, kwa sababu bomba la plastiki la PVC ni rahisi na liko kila duka la vifaa vya ujenzi. Likiwa na maji, PVC ikipasuka huvuja. Likiwa na hewa, huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoruka kama vigae. Mwaka 1988 mamlaka ya usalama kazini ya Marekani ilitoa tahadhari dhidi ya kulitumia juu ya ardhi kwa hewa iliyobanwa. Tumia bomba la chuma, shaba au alumini, likiinama kidogo kuelekea mwisho wenye koki ya maji. Matoleo yachomoe hewa kutoka upande wa juu wa bomba ili maji yasiyafuate, na kati ya kompresa na bomba uwekwe mpira unaopinda.

Mitungi ya gesi ya kupikia iliyounganishwa na kompresa ya friji, kama inavyoonekana kwa wazibaji wengi wa pancha, haifai nyumbani. Mtungi huo haukuundwa kwa kutoa maji, na mara nyingi hauna vali ya usalama inayolingana nao.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, mafuta yafike katikati ya kioo cha kupimia na kinga ya mkanda iwe mahali pake. Iendeshwe nusu saa koki ikiwa wazi. Baada ya hapo funga, ijaze hadi ijizime, vuta pete ya vali ya usalama kuhakikisha inaachia, kisha pakaa povu la sabuni kwenye kila kiungo. Kinachotoa mapovu kikazwe presha ikiwa imeondolewa kabisa.