Aliyezushiwa Kifo

Wazee wetu husema kwamba azushiwaye kifo huongezewa umri. Siwezi kuwatetea mbele ya madaktari, lakini historia ya muziki wa karne iliyopita inao mfano mmoja unaowaunga mkono. Alikuwapo mwimbaji wa Marekani aliyeuawa kwa maneno mara kadha wa kadha katika nchi ambayo hajapata kuikanyaga. Wakati huo yeye alikuwa mjini kwao akibomoa majumba chakavu ili apate riziki, asijue kama kuna mahali anakoliliwa. Hatimaye alifika katika nchi hiyo na kuwaimbia wale wale waliokwisha kumzika. Jina lake ni Sixto Rodriguez.

Mimi si mpenzi wa muziki wa roki. Masikio yangu yalilelewa na muziki wa dansi wa Morogoro na Dar es Salaam, na hadi leo magita ya Mbaraka Mwinshehe yananitosha. Habari za Rodriguez niliziona kwanza katika filamu aliyoniletea mjukuu wangu, nikazifuatilia baadaye kwa kusoma. Zilinishika kwa sababu ya kazi niliyoifanya maishani. Kabla ya kuwa mkuu wa chuo cha ualimu nilifundisha somo la historia kwa miaka mingi, na kila mwaka niliwapa wanachuo zoezi moja. Kila mmoja alitakiwa aandike jinsi alivyokufa mtu maarufu wa kwao aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, baada ya kuwahoji watu watatu. Aghalabu walirudi na vifo vitatu vya mtu mmoja. Hapo ndipo somo letu lilipoanza.

Rodriguez alizaliwa Detroit, katika jimbo la Michigan, tarehe 10 Julai 1942. Wazazi wake walikuwa wenye asili ya Mexico, na kwa kuwa alikuwa mtoto wa sita alipewa jina la Sixto. Detroit ulikuwa mji wa viwanda vya magari, wenye kazi nyingi na dhiki nyingi vile vile. Mwezi Julai 1967 ulikumbwa na ghasia zilizoua watu 43. Kijana huyo alikuwa akiimba katika vilabu vidogo vya pombe, na watayarishaji wawili wa muziki, Dennis Coffey na Mike Theodore, walipokwenda kumsikiliza katika klabu moja karibu na mto, walimkuta akipiga gita huku amewapa wasikilizaji mgongo. Iliwabidi wayasikilize maneno peke yake, na maneno yenyewe yaliwatosha.

Walimrekodi mwaka 1969, na Machi 1970 ikatoka santuri yake ya kwanza, *Cold Fact*, yaani ukweli mkavu. Ina nyimbo 12 zinazohusu mji uliochakaa, viongozi wasiosikia, wauza dawa za kulevya na mapenzi yaliyovunjika. Ya pili, *Coming from Reality*, aliirekodi London, ikatoka mwaka 1971. Waliohusika waliamini kwamba wamepata mtunzi mkubwa, lakini Marekani haikununua. Kampuni iliyozitoa santuri hizo ilimwacha, na mwaka 1975 yenyewe ikafunga milango. Rodriguez alirudi kwenye kazi za mikono za ubomoaji na ukarabati wa nyumba. Hakuacha kujisomea, na mwaka 1981 alipata shahada ya falsafa katika Chuo Kikuu cha Wayne State. Aligombea pia nafasi za uongozi mjini kwake, na hakushinda.

Laiti mambo yangeishia hapo, pasingekuwa na la kuandika, maana waimbaji walioshindwa ni wengi kuliko waliofaulu. Lakini santuri ile ya kwanza ilikuwa imevuka bahari hadi Afrika Kusini, ikapita mikononi mwa vijana, ikanakiliwa katika kanda, kisha ikatolewa na makampuni ya huko huko. Waliyoishika sana walikuwa vijana Wazungu, wakiwamo waliolazimishwa kuingia jeshini. Walikuwa wamelelewa katika utawala uliowafundisha kutouliza, na ghafla wakamsikia mtu akiisema serikali yake waziwazi, tena kwa sauti tulivu. Baadhi ya wanamuziki wa Kiafrikana waliofanya ziara ya Voëlvry mwaka 1989, wakiupinga utawala wa rangi kwa lugha yao wenyewe, walisema kwamba Rodriguez alikuwa miongoni mwa waliowafungua macho.

Sisi wa Tanzania tuliijua Afrika Kusini kwa upande mwingine. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC ardhi Mazimbu, Morogoro, na hapo wakajenga shule waliyoiita kwa jina la Solomon Mahlangu. Matangazo yao tuliyasikia kupitia Radio Tanzania. Kwetu vijana wa Kikaburu walikuwa ni askari wa mpakani tu. Sikupata kufikiri kwamba baadhi yao walikuwa wamekaa chumbani usiku na kanda ya Mmeksiko wa Detroit, wakianza kuutilia shaka utawala wa baba zao. Hilo halipunguzi hatia ya utawala ule, wala haliwafanyi vijana hao kuwa mashujaa sawa na waliokufa Soweto. Lakini mwalimu wa historia asiyekubali kwamba hata ndani ya kambi ya adui watu hugeuka moyoni kimya kimya, hawezi kueleza kwa nini tawala kama zile huishia kukosa watetezi.

Sasa tuje kwenye vifo. Wengine walisema Rodriguez alijimwagia mafuta na kujichoma moto jukwaani. Wengine walisema alijipiga risasi mbele ya watazamaji baada ya wimbo wake wa mwisho. Wengine walisema alizidisha dawa za kulevya. Tatizo lilikuwa lile lile la zoezi langu, ila hapa walioamini walikuwa maelfu, tena wenye magazeti na simu.

Iliwezekanaje? Jibu ni kwamba nchi ilikuwa imezungukwa na kuta mbili. Ukuta wa ndani ulijengwa na serikali. Televisheni haikuanza huko hadi mwaka 1976, redio ya taifa ilichujwa, na katika maktaba yake santuri ya Rodriguez ilikwaruzwa kwa kitu chenye ncha mahali penye wimbo usiotakiwa, ili mtangazaji asiweze kuupiga hata akitaka. Ukuta wa nje tuliujenga sisi, mataifa yaliyopinga ubaguzi, maana Umoja wa Mataifa ulitoa wito wa kusitisha mahusiano ya utamaduni na michezo na Afrika Kusini mwaka 1968. Wito huo ulikuwa wa haki, na leo ningeuunga mkono tena. Hata hivyo kila ukuta una kivuli chake. Katika kivuli hicho santuri iliweza kuingia bila mwenyewe, na habari za mwenyewe zisiingie kabisa. Penye upungufu wa habari, uvumi huota kama magugu kwenye shamba lisilopaliliwa.

Kulikuwa na jambo baya zaidi ya uvumi. Santuri ziliuzwa miaka nenda miaka rudi, na mtunzi hakujua hata kwamba zinauzwa. Mtu aliyedhaniwa amekufa hadai mirabaha. Simtuhumu mtu yeyote kwamba alizusha kifo kwa ajili ya faida. Nasema tu kwamba uvumi ule ulimgharimu mmoja na kuwafaa wengine. Ugomvi juu ya nani mwenye haki katika nyimbo zile ulifika mahakamani Michigan mwaka 2014, miaka 44 baada ya santuri kutoka.

Aliyemfufua hakuwa mtu wa miujiza. Mwaka 1996 santuri ya pili ilipotolewa upya Afrika Kusini katika diski ndogo za kisasa, mwenye duka la muziki wa Cape Town, Stephen Segerman, aliandika katika maelezo yake kwamba hakuna habari za hakika juu ya mwimbaji huyu, akauliza kama yupo mpelelezi wa kuzitafuta. Mwandishi wa habari Craig Bartholomew Strydom aliitikia. Hebu, msomaji, tazama alivyofanya kazi. Alianza na majina yaliyochapwa kwenye santuri, akakuta yanapingana: jaladani limeandikwa Rodriguez, penye watunzi limeandikwa Jesus Rodriguez, pengine Sixth Prince. Akafuata njia ya fedha, ikakatika. Mwisho akarudi kwenye nyimbo zenyewe, na katika mmoja wapo akasikia jina la Dearborn. Akafungua kitabu cha ramani. Dearborn ni mji unaopakana na Detroit. Kutoka hapo, mwaka 1997, akampata Mike Theodore. Alipomwuliza Rodriguez alikufaje, akaambiwa kwamba Rodriguez hakufa, yuko Detroit.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi mbele ya walimu vijana. Ushahidi ulikuwa masikioni mwa watu wote kwa zaidi ya miaka 20. Walioimba jina la Dearborn walikuwa maelfu. Aliyeuliza Dearborn iko wapi alikuwa mmoja.

Machi 1998 Rodriguez alitua Afrika Kusini kwa maonyesho sita. Alikuwa na umri wa miaka 55. Nchi aliyoikuta haikuwa ile iliyomzushia kifo, kwa kuwa Mandela alikuwa Rais na kuta zote mbili zilikuwa zimeanguka. Onyesho la kwanza lilikuwa katika uwanja wa Bellville, Cape Town. Alipopanda jukwaani, watu walishangilia kwa muda mrefu hata asipate nafasi ya kuanza. Picha za jioni ile zipo. Kinachonigusa ni utulivu wake. Hakuonekana kama mtu aliyestaajabu, wala kama mtu anayedai deni. Alisimama akasubiri, kama mwalimu anayengoja darasa linyamaze, kisha akaimba. Safari ilipokwisha alirudi Detroit kwenye nyumba yake ile ile na kazi ile ile.

Mwaka 2012 mwongozaji wa Sweden, Malik Bendjelloul, alitoa filamu juu ya kisa hiki, *Searching for Sugar Man*, nayo Februari 2013 ikapata tuzo ya Oscar. Rodriguez hakwenda kwenye sherehe. Chuo chake cha Wayne State kilimpa shahada ya heshima mwaka huo, na katika miaka iliyofuata aliimba katika matamasha makubwa ya Marekani na Uingereza, akishikwa mkono kupanda jukwaani kwa sababu macho yalikuwa yamedhoofika. Alifariki tarehe 8 Agosti 2023, akiwa na miaka 81, safari hii kweli.

Filamu ile ni nzuri, na mimi niliitazama mara mbili. Lakini baadaye, katika kusoma, nilikutana na jambo ambalo filamu haikulisema. Rodriguez alikuwa ameimba Australia mwaka 1979 na tena mwaka 1981, mbele ya watu wengi waliozijua nyimbo zake, na santuri ya maonyesho hayo ikatolewa huko. Maana yake ni kwamba hakusahauliwa na dunia yote isipokuwa nchi moja. Wakati watu wa Cape Town wakisimuliana jinsi alivyojichoma moto, alikuwa hai jukwaani Sydney, na tangazo la onyesho lingeweza kusomwa na yeyote mwenye gazeti la huko.

Kwa nini jambo hilo liliachwa? Nadhani ni kwa sababu lingeharibu umbo la hadithi. Mtu aliyefufuka mara moja anapendeza kusimulia kuliko mtu ambaye alikuwa akionekana mahali fulani wakati wote. Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Uvumi wa kifo ulipendwa kwa kuwa ulikuwa kisa kizuri. Filamu iliyoufuta uvumi huo nayo ikakata kipande cha ukweli ili ibaki kisa kizuri. Siilinganishi filamu na uongo, la hasha, kwani kazi iliyoifanya ni kubwa na mzee yule alipata heshima yake angali hai. Lakini tamaa iliyozaa uvumi ndiyo hiyo hiyo iliyopunguza maelezo. Tamaa hiyo tunayo sote, hata sisi tulioshika chaki, kila tulipomsimulia shujaa wetu bila siku zake za kushindwa au bila waliomsaidia.

Kwetu pia wapo waliorekodi nyimbo katika miaka ya 1970 ambazo bado zinapigwa redioni na kuchezwa katika harusi zetu. Baadhi yao tunawaita marehemu kwa mazoea tu, pasipo mtu kuthibitisha. Pengine mmoja wao anaishi mtaa wa pili, anauza mkaa, na hakuna aliyempelekea hata shilingi wala swali. Kama unacho kifuniko cha santuri ya zamani nyumbani, kisome upande wa nyuma, yaandike majina yaliyomo, kisha toka ukaulizie.