Kanga ilianza kwenye sindano ya mwanamke



Mabibi harusi mnaohesabu siku, wengi wenu kisutu kipo tayari kabatini. Je, mnajua kwamba kanga haikuanzia kiwandani? Ilianza kwa wanawake waliopenda kupendeza.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mwanamke wa kawaida wa Unguja au Mombasa hakuwa na vazi la kuchagua sana. Kulikuwa na merikani, nyeupe tupu, na kaniki iliyotiwa rangi nyeusi ya nili. Madukani ziliuzwa pia leso za rangi, vitambaa vya mkononi vilivyokuja vimeungana kwenye jora. Inasimuliwa kwamba akina mama wakaanza kununua leso sita kwa mpigo, wakazikata tatu tatu, kisha wakashona vipande hivyo viwili pamoja, kimoja juu ya kingine. Likapatikana vazi pana la kujifunga na kujitanda, lenye stara na lenye uzuri.

Mimi ni fundi cherehani, na nauwazia sana ule mshono wa katikati. Kulinganisha maua ya pande mbili kwa sindano ya mkono, bila meza ya kukatia, si kazi ya mvivu. Aliyeshona vile alikuwa anaipenda kazi yake.

Wenye maduka wakaona. Wakaagiza kitambaa kilichochapwa kizima kutoka ng'ambo, na kwa madoadoa yake kikapewa jina la ndege kanga. Mmoja wa wafanyabiashara hao ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara mwaka 1887. Kanga zake ziliandikwa "Mali ya Abdulla", na mpaka leo wapo wanaoziulizia kwa jina hilo. Inasemekana yeye ndiye aliyeanza kuweka maneno kwenye kanga, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu.

Simwonei choyo. Alitazama wateja wake wanataka nini, akawaletea, na hiyo ni biashara ya halali. Ila inaniuma kidogo kwamba jina la muuzaji tunalo, na la hata mmoja wa wale walioshona leso hatunalo.

Halafu ukaja mwaka 1897, utumwa ukapigwa marufuku Zanzibar. Hapa kanga ikapata kazi kubwa kuliko urembo. Merikani na kaniki vilikuwa vazi la mtumwa. Mwanamke aliyepata uhuru hakutaka tena kuonekana navyo, akitoka nje atoke na kanga yenye maua, watu wamwone kuwa ni muungwana kama wengine. Fikirini, kitu kilichoanza kwa mkono unaopenda kushona kikaja kumvisha heshima mtu aliyenyimwa maisha yake yote.

Kanga zikapanda hadi bara. Huku Nduruma, chini ya Mlima Meru, mbali kabisa na bahari, mama wa bibi harusi huniletea doti yake nichane na kukunja upindo. Nakuwa mwangalifu nisile pindo wala maandishi.

Na kila gauni ninalobuni mwenyewe nalishonea kilebo chenye jina langu, ndani ya shingo. Mteja mmoja aliniuliza cha nini, mbona hakionekani. Nikamwambia wale mama wa leso hawakuwa nacho.